Kutimiza Ahadi kwa Usiyemwamini

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Mwenye kuzijua siri za nyoyo na yale yanayodhihirishwa na ndimi. Sala na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeshika mwenendo wao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa, nanyi mnaotusikiliza majumbani, na vijana wetu mlioko mashuleni na vyuoni: tunaziusia nafsi zetu pamoja nanyi kumcha Mwenyezi Mungu, na kukumbuka ya kwamba kila ahadi mtu atakuja kuulizwa.

Leo tumekusudia kuzungumza juu ya nchi mbili, India na Pakistan, na silaha za nyuklia zilizo mikononi mwao, na ahadi chache walizopeana juu ya silaha hizo. Huenda mtu akauliza, mimbari ina haja gani na mambo ya mawaziri na majenerali? Haja ipo. Katika miji yetu ya pwani tunaishi mlango kwa mlango na majirani ambao wazee wao walitoka Kachchh, Gujarat, Sindh na Punjab, Waislamu na wasio Waislamu, na nchi hizo walizotoka ndizo zilizokatwa na mpaka huo. Tena kila zinapozuka habari za vita baina ya nchi hizo mbili, husikika barazani, na wakati mwingine hata msikitini, maneno ambayo haifai kuyaacha yapite bila ya kujibiwa. Maneno hayo tutayarudia katika khutba ya pili. Kwanza tuyajue mambo yenyewe.

Nchi hizi zilikuwa chini ya utawala mmoja wa Mwingereza hadi Agosti 1947. Zilipogawanywa, watu kwa mamilioni walihama makwao, na damu nyingi ikamwagika njiani. Tangu hapo zimepigana mwaka 1947, mwaka 1965, mwaka 1971 na mwaka 1999, na ugomvi wao mkubwa, nao ni ugomvi wa Kashmir, haujapata kukatwa. Tarehe 18 Mei 1974 India ililipua bomu la nyuklia chini ya ardhi katika jangwa la Pokhran, ikasema kuwa ni mlipuko wa amani. Pakistan haikulisadiki neno hilo hata siku moja, nayo ikaingia katika kuitafuta silaha ya namna hiyo kwa siri na kwa gharama kubwa juu ya raia zake maskini. Mei 1998 India ililipua tena, tarehe 11 na tarehe 13. Mwezi haukwisha, Pakistan nayo ikalipua huko Balochistan, tarehe 28 na tarehe 30. Kwa makadirio ya taasisi ya utafiti wa amani iliyoko Stockholm, mwanzoni mwa mwaka 2025 India ilikuwa na silaha za nyuklia kama 180, na Pakistan kama 170. Bomu moja tu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, nalo dogo ukililinganisha na mengi yaliyotengenezwa baadaye, liliua watu wapatao 140,000 kufikia mwisho wa mwaka ule.

Mahasimu wengine wa nyuklia, Marekani na Urusi, wametengwa na bahari na barafu. Kombora likirushwa kutoka kwa mmoja wao huchukua muda kama nusu saa kumfikia mwenziwe, na katika nusu saa hiyo mtu aweza kuinua simu na kuuliza kulikoni. Lakini mji wa Lahore uko kiasi cha kilomita 25 tu kutoka mpakani. Hapo hesabu ni ya dakika chache, na mwenye kuamua huamua kwa ile dhana aliyokwisha kuwa nayo moyoni tangu jana.

Nayo dhana mbaya, ndugu zetu, ina tabia ya kujizalia ushahidi wake yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1986 India ilifanya luteka kubwa mno katika jimbo la Rajasthan, karibu na mpaka, ikaipa jina la Brasstacks. Ikasema ni mazoezi. Pakistan ikatazama wingi wa askari na vifaru, ikasema haiwezekani hawa wamekuja kwa mazoezi tu, ikasogeza majeshi yake. India ikayaona majeshi yaliyosogezwa, ikasema: kumbe hawa wataka kutushambulia. Kila mmoja akawa amepata hoja kutokana na hofu ya mwenziwe. Mapema mwaka 1987 ilibaki kidogo vita viwake bila ya mtu kuvitaka. Wajumbe wakakutana, wakakubaliana kurudisha askari nyuma, na Jenerali Zia-ul-Haq, aliyekuwa Rais wa Pakistan, akaenda mjini Jaipur kutazama mchezo wa kriketi. Watu walicheka wakati ule, jenerali kupanda ndege kwenda kutazama mpira na nchi ziko katika hali ile. Sisi twaona ilikuwa safari ya busara kuliko nyingi walizosafiri wakubwa wa zama hizo.

Hofu nyingine ya miaka ile ilihusu mitambo yenyewe. Tarehe 7 Juni 1981 ndege za Israel zilikipiga kinu cha nyuklia cha Osirak karibu na Baghdad. Pakistan ikaanza kuogopa kwamba mitambo yake huenda ikafanyiwa kama hivyo na India. Na India ikajua kuwa ikipiga, nayo itapigwa. Na kinu cha nyuklia kikibomolewa, sumu yake huchukuliwa na upepo, na upepo hausimamishwi mpakani kuonyesha hati ya kusafiria. Kwa hiyo Desemba 1985 Zia na Rajiv Gandhi, Waziri Mkuu wa India, wakaafikiana kwa mdomo kwamba hakuna atakayeishambulia mitambo ya mwenziwe. Tarehe 31 Desemba 1988 mjini Islamabad, zama za Rajiv Gandhi na Benazir Bhutto, maafikiano hayo yakaandikwa na kutiwa sahihi, na mwaka 1991 yakaanza kutumika.

Mkataba wenyewe ni mfupi. Kila upande umeahidi kutofanya, kutochochea na kutoshiriki katika jambo lolote la kuiharibu mitambo ya nyuklia ya upande wa pili. Na ili isiwepo hoja ya kusema hatukujua, kila tarehe 1 Januari India humpa Pakistan, na Pakistan humpa India, orodha ya mitambo yake na mahali ilipo. Wanadiplomasia hupeana karatasi hizo siku moja, huku New Delhi na kule Islamabad. Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 1 Januari 1992. Tangu mwaka huo haujapita mwaka mmoja bila ya orodha kupelekwa.

Zingatieni uzito wa jambo hilo. Desemba 2001 Bunge la India lilishambuliwa mjini New Delhi, na majeshi ya pande mbili yakaanza kukusanywa mpakani kwa malaki. Tarehe 1 Januari 2002 orodha zikapelekwa. Februari 2019 ndege za India zilipiga ndani ya Pakistan, na Pakistan ikaiangusha ndege ya India na kumkamata rubani wake. Mwaka uliofuata orodha zikapelekwa. Na hatusemi kwamba wanaaminiana katika orodha hizo; la, hasha. Tangu zile za mwanzo zimekuwapo shaka kwamba kila mmoja huficha kitu. Hata hivyo karatasi huenda na karatasi hurudi.

Siku hiyo hiyo hupelekwa pia orodha nyingine, nayo pengine yatugusa sisi watu wa pwani zaidi ya ile ya vinu. Ni orodha ya wafungwa na wavuvi. Baina ya Gujarat na Sindh mpaka wa baharini haujakubaliwa, na mvuvi anayefuata samaki hana mstari wa kuutazama juu ya maji. Akivuka hukamatwa na walinzi wa upande wa pili, chombo huzuiliwa, naye hufungwa, mara nyingine kwa miaka. Kwa mujibu wa maafikiano ya mwaka 2008, nchi hizo hupeana majina ya waliofungwa tarehe 1 Januari na tarehe 1 Julai. Julai 2025, haijapita hata miezi miwili tangu makombora yanyamaze, Pakistan ilitaja wavuvi 193 wa India iliowashikilia, na India ikataja wavuvi 81 inaowadhania kuwa wa Pakistan. Sisi ambao ndugu zetu hutoka alfajiri na ngalawa na majahazi twajua nyumba ya mvuvi asiyerudi huwa katika hali gani, na thamani ya jina lake kuonekana juu ya karatasi, hata ikiwa ni karatasi ya jela ya adui.

Wako wasemao: mkataba na mtu usiyemwamini una faida gani? Neno hili twalisikia mara nyingi, na mwenye kulisema hudhani amesema neno la kijanja. Sisi twasema kinyume chake. Anayeaminiwa kwa ukamilifu hahitaji kuandikiana naye. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu haikuteremka juu ya mambo ya vita wala juu ya sifa za Peponi; imeteremka juu ya kuandika deni, muda wake utajwe, mwandishi awe muadilifu na mashahidi wawepo. Waumini kwa waumini wameamrishwa hivyo. Basi ikiwa Mwislamu na nduguye hupewa karatasi ili shetani asipate mlango baina yao, itakuwaje kwa waliomwagiana damu? Hao ndio wenye haja ya karatasi kuliko watu wote.

Na tunao mfano ulio juu ya mifano yote. Mwaka wa sita wa Hijra Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisimamishwa Hudaybiya asiingie Makka. Maqureshi wakamtuma Suhayl bin Amr kuandikiana naye suluhu. Mwandishi alikuwa Ali. Suhayl akakataa lisiandikwe jina la Rahmani, kwa kuwa hawalijui. Akakataa isiandikwe Mtume wa Mwenyezi Mungu, kwa kuwa lau wangelikubali hilo wasingempiga vita. Iandikwe Muhammad mwana wa Abdullah. Masahaba wakakasirika. Mtume akakubali. Wakaandikiana kusimamisha vita miaka kumi, na katika masharti lilikuwamo hili, kwamba atakayekimbilia Madina kutoka kwa Maqureshi bila ya ruhusa ya walii wake atarudishwa.

Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal, mwana wa Suhayl huyo huyo, kijana aliyesilimu na kufungwa na babake, akija anajikokota na minyororo yake, akiwalilia Waislamu wamwokoe. Na Mtume akamrudisha, akamwambia asubiri, kwamba Mwenyezi Mungu atamfanyia njia, na kwamba watu hawa wamekwisha kupewa ahadi. Wanafunzi wengi huisoma suluhu ya Hudaybiya kama habari ya ushindi uliokuja baadaye. Ni kweli ushindi ulikuja. Lakini siku ile, pale penye minyororo, hapakuwa na ushindi unaoonekana. Palikuwa na ahadi tu, na gharama yake ilikuwa ikilia mbele ya macho ya watu. Maqureshi wenyewe ndio waliokuja kuivunja, haijatimia miaka miwili, washirika wao walipowashambulia Khuzaa walioingia katika ahadi ya Mtume. Upande wa Waislamu haukuwa umeivunja.

Tunayasema haya tuliyoyasema, na tunamuomba Mwenyezi Mungu maghufira kwa ajili yetu na kwa ajili yenu.

Khutba ya Pili

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake.

Ndugu Waislamu, isije ikadhaniwa tumesema kwamba karatasi hugeuza nyoyo. Februari 1999 Atal Bihari Vajpayee, Waziri Mkuu wa India, alivuka mpaka wa Wagah kwa basi, akapokewa na Nawaz Sharif, na tarehe 21 wakatia sahihi Azimio la Lahore, wakaahidi kupunguza hatari ya silaha hizo. Vajpayee akazuru Minar-e-Pakistan, mnara wa kumbukumbu ya nchi ambayo wengi wa chama chake hawakuridhia kuzaliwa kwake. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini wakati watu wanapiga makofi Lahore, askari wa Pakistan walikuwa wakipanda milima ya Kargil kuvishika vilele vya upande wa India, na Mei vita vikawaka. India ikasema imechomwa kisu huku imekumbatiwa, na ni vigumu kuilaumu kwa kusema hivyo. Mwaka huo huo, Oktoba, Nawaz Sharif akapinduliwa.

Hata hivyo mbegu ya Lahore haikuoza yote. Mwaka 2005 waliafikiana kuarifiana kabla ya kujaribu makombora ya masafa, na mwaka 2007 wakaafikiana kuarifiana haraka ikitokea ajali ya silaha za nyuklia. Tena tarehe 9 Machi 2022 likatokea la kutokea. Kombora la India liitwalo BrahMos lilifyatuka, likavuka mpaka, likaanguka karibu na Mian Channu katika Punjab ya Pakistan. Halikuwa na kichwa cha baruti wala halikuua mtu. Pakistan ingeweza kusema ni mashambulizi. Haikurusha kitu, ilistahamili, ikauliza, na ikalalamika kwamba haikuarifiwa papo hapo. Baada ya siku mbili India ikakiri kuwa lilifyatuka kwa makosa, na Agosti maofisa watatu wa jeshi lake la anga wakafukuzwa kazi. Ukimya wa siku mbili ni mrefu mno katika jambo kama hilo, na hapo lawama ni ya India. Lakini lau pangekuwa hapana mazoea yoyote ya kupelekeana habari, hatujui kama subira ile ingepatikana.

Na tarehe 22 Aprili 2025 watu 26 waliuawa Pahalgam, Kashmir, wengi wao watalii. Ni dhulma iliyo wazi, na hatuna kwa waliofanya hivyo neno jingine. India ikaitupia Pakistan lawama, Pakistan ikakana. Siku ya pili yake India ikatangaza kuusimamisha mkataba wa maji ya mto Indus, uliotiwa sahihi Karachi mwaka 1960 na Nehru na Ayub Khan, mkataba uliosalimika katika vita vya 1965, vya 1971 na vya 1999. Tarehe 7 Mei India ikapiga, na kwa siku nne makombora na ndege zisizo na rubani zikapita juu ya vichwa vya watu wa pande zote mbili. Tarehe 10 Mei mapigano yakasimama. Marekani ilisema ndiyo iliyopatanisha, India ikakanusha. Ubishi huo wa nani apewe shukrani tunawaachia wenyewe. Lililo hakika ni kwamba mchana wa siku ile mkuu wa operesheni wa jeshi la Pakistan alimpigia simu mwenziwe wa India, kwa njia ya simu iliyowekwa tangu mwaka 1971, na wakaafikiana kuacha kupigana. Na tarehe 1 Januari 2026 zile orodha za mitambo zikapelekwa kama kila mwaka.

Sasa tuje kwenye maneno ya barazani. Pakistan ilipolipua mwaka 1998, wako waliosema hilo ni bomu la Kiislamu, na neno hilo lilikuwa na umri wake tayari, kwani lilianza kusemwa tangu miaka ya 1970. Wako waliofurahi kana kwamba dini imepata nguvu. Mei 2025 tulisikia tena mfano wa furaha hiyo. Kwa hakika twataka kuwauliza wenye kufurahi: hilo bomu la Kiislamu litaangukia wapi? Waislamu wa India wanakaribia milioni mia mbili, hawako mbali sana na idadi ya wale wa Pakistan. Bomu likiangukia Delhi litaangukia Jama Masjid na watu walio ndani yake. Likiangukia Ahmedabad au Hyderabad ni vivyo hivyo. Na yule Baniani, na Kalasinga, na Mkristo aliye pembeni yake, mtoto wake aliyelala amemkosea nini Mwenyezi Mungu? Mafundisho tuliyopokea juu ya vita yamekataza kuuawa mwanamke, mtoto, mzee na mtawa aliye katika ibada yake. Hatujui bomu la nyuklia linalojua kuchagua.

Na upande wa pili, wako majirani zetu wasio Waislamu waliofurahia makombora ya India kwa moyo ule ule. Hatuwasemei wao kutoka mimbarini. Wao wanao wazee wao. Sisi tumeamrishwa kwamba chuki yetu kwa watu isitutoe katika uadilifu, na amri hiyo imekuja kwetu sisi, si kwao. Mwislamu aliyefunga duka lake wiki ile asimuuzie jirani yake wa Kihindu, au aliyemtolea maneno mtoto wa jirani huyo njiani, amevunja haki ya jirani, wala Pakistan haikumtuma. Aende amtake radhi kabla ya Ijumaa nyingine.

Na kwenu vijana mnaosoma siasa za dunia: msiwacheke wanadiplomasia wanaopelekeana karatasi kila tarehe 1 Januari. Zisomeni karatasi hizo, mjue ni ipi imeshika na ni ipi imevunjika, na nani aliivunja, hata akiwa ni wa kwetu.

Ewe Mola wetu, wahifadhi watu wa Lahore na watu wa Amritsar, na watu wa Kashmir pande zote mbili za mstari. Warejeshe wavuvi majumbani kwao. Wape wenye kuamua subira katika dakika zile chache. Waghufirie wazazi wetu na maiti zetu, na uijaalie nchi yetu amani. Amin.

Simameni kwa sala.